Julai Huamuliwa Januari

Mvua ya kwanza ikishalainisha udongo mwekundu wa Dodoma, kundi la kanga huanza kuvunjika. Kiangazi chote ndege hawa wameishi kwa ushirika: ishirini, thelathini, pengine zaidi, wakilala kwenye miti ileile, wakiteremka pamoja alfajiri, wakienda majini kwa mstari, na mmoja akishtuka kundi zima linapiga kelele. Ukame ndio unaowafunga pamoja. Maji ni machache, nyasi zimekwisha, pa kujificha hakuna, na penye macho mengi ndipo penye usalama. Novemba ikielekea ukingoni, joto likiwa kali na mawingu yakianza kujikusanya, ushirika huo unaingia ufa. Madume waliokuwa wakidonoa bega kwa bega sasa wanapimana. Mvua ikinyesha kweli, mbio zinaanza.

Asiyejua huona ndege wanakimbizana tu. Ajuaye huona hesabu ya mwaka mzima ikipangwa mbele yake. Huku Kanda ya Kati, kuanzia Mpwapwa hadi Manyoni, wapo watu wanaoweza kukaa chini ya mgunga tangu alfajiri hadi jua likolee, bila bunduki wala manati, wakiangalia mbio hizo, na wakiinuka wanajua mengi kuhusu Julai ijayo. Msimu wa uwindaji Tanzania hufunguliwa tarehe 1 Julai. Wao kazi wameianza miezi saba kabla, wakati ambao hakuna cha kupiga wala cha kubeba nyumbani. Ninaousifu hapa ni ufundi huo wa miezi isiyo na risasi.

Mwalimu wangu katika jambo hili ni mzee aliyepata kuwaongoza wawindaji na kusoma nyayo katika mapori ya upande wa Manyoni, huko kwenye Rungwa, Kizigo na Muhesi. Kijijini kila mtu anamwita Babu, nami namwita hivyo. Si mtu wa maneno. Ukimuuliza swali hujibu kwa kuonyesha kitu kwa kidevu, kisha anakuachia ukitazame mpaka kikuingie.

Mbio zina utaratibu wake. Dume hujitenga kidogo, akainua mabawa na kuyabana juu ya mgongo bila kuyakunjua, akashusha kichwa. Mwili unakuwa mwembamba na mrefu kwenda juu. Ukimtazama kwa ubavu utadhani amejitwika mzigo wa kuni. Hiyo ni namna yake ya kuonekana mkubwa bila kurusha teke. Dume mwingine akikubali shindano, mmoja humfukuza mwenzake kwa kasi, wakizunguka vichaka, wakilikata kundi katikati, wakipotea, wakirudi tena. Kupigana kwenyewe ni nadra. Kinachoshindaniwa ni pumzi. Majike huendelea kuchakura ardhi kana kwamba hayo hayawahusu, lakini hawaondoki, na hilo peke yake linatosha kukuonyesha kuwa yanawahusu.

Babu hatazami anayekimbia mbele. Humtazama anayesimama kwanza, kisha humtazama aliyebaki na pumzi anarudi karibu na jike gani. Na kuna wa tatu anayempa uzito kuliko hao wawili: yule ambaye hakimbii kabisa. Kwa maelezo yake, asiyekimbia ama ni kijana aliyeanguliwa mwaka uliopita, ambaye hajajiona kuwa dume, ama ni dume ambaye mambo yake yamekwisha kukaa sawa na hana haja ya kumwonyesha mtu. Ukikosea kati ya hao wawili, hesabu yako yote ya jozi itapotoka.

Kuwatenganisha si rahisi, kwa sababu kanga dume na kanga jike wamevikwa nguo moja. Wote wana manyoya ya kijivu cheusi yenye madoa meupe, uso wa buluu, vinyama vyekundu vinavyoning'inia mashavuni, na ile pembe ya mfupa utosini ambayo kwa kanga wa Kenya na wa katikati ya Tanzania huwa ndefu kupita ya ndugu zao wengi wa Afrika. Kwa hiyo jicho pekee halitoshi. Chombo cha kwanza cha kazi hii ni sikio. Jike ana mlio wa mapigo mawili, la pili likipanda, anaourudia mara nyingi. Dume hana mlio huo; yeye hutoa pigo mojamoja, fupi, mfululizo. Ile kelele ya kukereza ya wakati wa hatari ni ya wote, na haikuambii lolote. Mtu aliyefunza masikio yake hukaa gizani kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, akasubiri ndege wateremke, akasikiliza. Mapigo mawili yakitoka upande uleule asubuhi kadhaa, na karibu yake kukawa na sauti moja tu ya dume, hapo pana jozi iliyotulia. Mapigo mawili yakisikika huku na kule, yamezungukwa na sauti nyingi, bado watu wanachumbiana, na kuingia hapo ni kuharibu.

Baada ya sikio inakuja ardhi. Kiangazi, nyayo za kanga ni njia iliyokanyagwa na wengi, na huwezi kumtoa mmoja ndani yake. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi udongo umefutwa na uko tayari kuandikwa upya, vidole vitatu mbele na alama ndogo ya kisigino nyuma. Babu alinionyesha nyayo za wawili waliopita pamoja kwenye ukingo wa shamba la mtama. Za mmoja zilikwenda upogo, zikirudi, zikizunguka, na kila zilipozunguka udongo ulikuwa umechakurwa. Za mwingine zilinyooka, zikasimama, zikanyooka tena, na zilipokuwa zimesimama zilikuwa zimezama zaidi.

"Yupi jike?" akaniuliza.

"Huyu aliyekuwa anakula, Babu."

"Na huyu mwingine?"

"Alikuwa anamlinda."

"Alikuwa na njaa," akasema, "lakini alikuwa analinda."

Hapo ndipo penye moyo wa jambo lote. Dume wa kanga, akishapata mwenzi, hubadili kazi. Aliyekuwa akitumia nguvu zake kukimbiza wenzake sasa anazitumia kukaa macho. Jike anapoinamisha kichwa, yeye anakiinua. Akipata mdudu mnono humwita jike kwa sauti ya chini na kumwachia. Ukitafakari sababu utaona si heshima tupu. Jike wa kanga ana uzito wa kilo moja na robo hivi, na yai lake lina gramu arobaini au karibu na hapo. Akitaga mayai kumi na mawili, ametoa mwilini mwake zaidi ya theluthi moja ya uzito wake. Nguvu hizo hazitoki kwenye mbegu kavu za Oktoba. Zinatoka kwa wadudu, na kwa kumbikumbi hasa, wanaobubujika ardhini mvua za kwanza zinapopita. Jike anatakiwa ale sana ndani ya siku chache, na alaye sana haoni mbali. Bila jicho la dume, chakula hicho kingemgharimu maisha: kipanga yuko juu, simbamangu yuko kwenye nyasi.

Dodoma haitoi nafasi ya pili. Mji uko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na mvua yake ni ya msimu mmoja, takribani Desemba hadi Aprili, ambayo kwa mwaka wa kawaida haifiki milimita 600. Wakulima wa hapa, ambao mtama na uwele ndio bima yao, wanajua jinsi mvua hiyo inavyoweza kukatika Februari kwa wiki kadhaa kisha ikarudi. Kanga naye anaijua kwa mwili. Akichelewa kuchumbiana, vifaranga watakuta wadudu wamepungua. Akiwahi mno kabla majani hayajainuka, kiota kitakuwa wazi. Mbio zile tunazoziona kama mchezo zinafanyika ndani ya dirisha jembamba sana.

Kiota chenyewe ni kishimo tu. Hakuna kusuka, hakuna kujenga. Jike huparura ardhi chini ya kichaka au ndani ya nyasi ndefu, akalaza majani machache, akaanza kutaga. Ufundi wake umo katika kukificha. Mayai mara nyingi huwa kati ya sita na kumi na mawili. Ukikuta ishirini na zaidi, inawezekana majike wawili wametaga mahali pamoja. Ganda lake ni gumu mno, rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, lenye vitundu vidogo vidogo. Jike huatamia peke yake, siku 26 hadi 28. Hendi kiotani moja kwa moja. Hutembea akidonoa, akapita, akarudi kwa upande mwingine, akatoweka kwenye nyasi bila kuonyesha alipotokomea.

Basi mtu wa kazi hii hupajuaje? Hapatafuti. Humtafuta dume. Dume akisimama juu ya kichuguu asubuhi, shingo juu, hadonoi, na kesho akawa palepale, jike yuko karibu. Siku tuliyomwona wa namna hiyo, Babu alisimama, akatazama kwa muda, kisha akageuka na kutuzungusha mbali kupitia korongoni, njia ndefu yenye miiba.

"Babu, tusisogee kidogo tuyaone mayai?"

"Ukiyaona wewe, mjukuu wangu, na nguchiro kayaona. Harufu ya miguu yako ndiyo barabara yake."

Nimekutana na mafundi wengi, wa mbao, wa chuma, wa kushona, na wote wana jambo moja: wanajua mahali pa kuacha. Seremala mzuri hasogezi randa mara moja zaidi. Babu alikuwa na ushahidi wa kutosha wa kiota kile kwa kuuona mkao wa dume. Kukiona kwa macho kusingemwongezea maarifa, kungemwongezea tu sifa ya kuwa amekiona. Aliacha. Wengi wetu tungesogea.

Wapo pia wanaosogea kwa sababu nyingine. Yai la kanga likiwekwa chini ya kuku wa kienyeji huanguliwa, na kanga wa kufugwa ana bei. Lakini Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya 2009 inahesabu hata yai kuwa nyara, na kuchukua mayai porini bila kibali ni kosa kama kumpiga ndege mwenyewe. Hesabu ya porini nayo ni kali. Kiota kimoja kinavamiwa na nguchiro, kenge, nyoka na nyani. Binadamu akijiunga na orodha hiyo, yeye ndiye pekee anayeweza kupita kila siku na kikapu.

Vifaranga wakianguliwa, dume hurudi kazini kwa mara ya tatu. Ndege wengi wa jamii ya kuku huwaachia majike ulezi. Kanga dume hulea. Huwakusanya vifaranga, huwafunika kwa mabawa yake usiku wa baridi, huwaongoza kwenye wadudu, wakati jike aliyekonda kwa kuatamia anajirudishia mwili. Siku za mwanzo ndizo mbaya kuliko zote. Nyasi zenye umande na mvua ya kushtukiza huwalowesha vifaranga, na kifaranga wa kanga aliyelowa hufa upesi. Kila mfugaji wa kanga analijua hilo. Ndiyo maana asubuhi ya baada ya mvua jozi yenye vifaranga huwa barabarani au kwenye ardhi tupu, ikiota jua. Dereva anayejua hilo hupunguza mwendo. Anayepita kwa kasi huona vumbi tu, wala hajui ameua nini.

Ujuzi huu wa wazee umekutana na wa wanasayansi katika nchi jirani. Katika kituo cha utafiti cha Mpala, Laikipia, nchini Kenya, watafiti akiwemo Danai Papageorgiou, Brendah Nyaguthii na Damien Farine wamekuwa wakifuatilia kanga wa aina nyingine, yule wa shingo ndefu na kifua cha buluu. Waliwavisha vifaa vidogo vya kupokea mawimbi ya setilaiti na kuyafuata makundi yakipita. Mwaka 2019 walionyesha kuwa ndege hao wana jamii yenye ngazi: makundi yenye wanachama wasiobadilika ovyo, na makundi hayo yana makundi rafiki wanayokutana nayo na kulala nayo kwa kuchagua. Wengi walidhani ubongo mdogo hauwezi kuhifadhi mahusiano ya namna hiyo. Mwaka uliofuata watafiti hao walionyesha jambo jingine: madume wakubwa wakiwanyima wenzao chakula kizuri, walionyimwa huondoka, na kundi zima huishia kuwafuata. Nilipomsimulia Babu haya, alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama watafiti hao waliyajua yote hayo bila kuua ndege. Nikamwambia ndiyo. Akasema wamefanya kazi nzuri.

Ukitaka kuona kwa nini Julai ni Julai, linganisha na bata mzinga wa porini huko Marekani. Kule majimbo mengi huruhusu kumwinda majira ya kuchipua, wakati uchumba umepamba moto. Dume hunguruma akiwa bado mtini alfajiri, akashuka, akatandaza mkia, na mwindaji aliyejificha huiga mlio wa jike ili amvute. Mtu wa hapa akisikia hivyo anaweza kushangaa: yaani wanampiga bwana harusi? Lakini bata mzinga dume hupanda majike wengi na baada ya hapo hana kazi. Haatamii, halindi, halei. Akiondolewa baada ya majike wengi kupandwa, vifaranga hawapungukiwi na kitu. Kanga ni kinyume chake. Dume mmoja, jike mmoja, na maisha ya vifaranga yamegawanywa kati yao. Ukimpiga kanga dume Januari, hujachukua ndege mmoja. Umechukua jicho la jike, joto la vifaranga na kundi la Julai. Kila ndege ana kalenda yake, nayo imeandikwa na namna anavyolea.

Wamarekani wenyewe walijifunza kwa gharama. Kufikia mwanzoni mwa karne ya 20 bata mzinga alikuwa karibu kwisha. Walijaribu kumrudisha kwa kufuga vifaranga mabandani na kuwaachia porini. Wengi walikufa, kwa sababu hakuna mama aliyewafundisha pa kulala wala cha kuogopa. Mafanikio yalikuja walipoanza, kuanzia miaka ya 1950, kuwanasa ndege wa porini kwa nyavu zinazorushwa na kuwahamishia kwenye misitu mingine wakiwa na maarifa yao kichwani. Leo bata mzinga yuko katika majimbo yote isipokuwa Alaska. Waswahili walisema zamani kwamba kanga hazai ugenini, wakimkusudia binadamu. Kwa ndege nako kuna ukweli wa kutosha: maarifa ya kuzaa na kulea ni ya mahali, hurithishwa kwa kufuatana, na yakikatika hayanunuliki.

Mei hadi Juni, majani yakianza kunyauka, jozi hurudi kukusanyika na kundi kuundwa upya. Hapo Babu hufanya hesabu ya mwisho. Kijana aliyeanguliwa kati ya Januari na Machi bado ana pembe fupi na umbo jepesi. Mkubwa hana la kuficha. Huwahesabu wakienda majini asubuhi, kwa kuwa hapo wanajipanga wenyewe. Kundi likiwa na vijana wengi, mwaka ulikuwa mwema na likipungua kidogo litajijaza. Likiwa na wakubwa watupu, maana yake viota viliharibika au Februari ilikuwa mbaya, na kila ndege utakayempiga hapo ni mzazi wa Januari ijayo. Wawindaji aliowaongoza walikuwa na vibali mkononi na kiwango kimeandikwa. Kibali humwambia mwindaji wangapi anaruhusiwa. Hakimwambii kundi lipi liachwe, na hilo ndilo Babu alilokuwa akilipwa kulijua, ingawa wengi walidhani wanamlipa kwa kuwafikisha penye ndege.

Sasa Dodoma inakua. Tangu serikali ilipoanza kuhamia mwaka 2016, viwanja vimepimwa mahali ambapo jana palikuwa na vichaka, na mkaa unahitajika jikoni kuliko zamani. Kanga anavumilia mengi, huishi hata pembezoni mwa mashamba, lakini anahitaji mti wa kulala, kichaka cha kutagia na maji ya kufikika kwa miguu. Vijana wachunga ng'ombe, waliokuwa shule ya kwanza ya ujuzi huu, ni wachache porini. Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA, ina askari, na vijiji vina walinzi wao wa wanyamapori. Hao wanafunzwa kukamata, kutoa ushahidi, kushika silaha. Ningetamani kila mmoja wao apewe pia mwezi mmoja wa Januari na mzee wa aina ya Babu, asiandike chochote, asikilize mapigo mawili na pigo moja mpaka ayajue gizani.

Mwindaji anayeanza kazi tarehe 1 Julai amechelewa, hata kama amewahi kuamka. Kulenga shabaha, mtu hujifunza kwa wiki. Kujua kundi lipi lina vijana, dume yupi ni baba, na wapi pa kupita mbali ili jike asiinuke, hujifunza kwa miaka, tena katika msimu ambao hakuna malipo yoyote isipokuwa kujua. Katika uwindaji wote, risasi ndiyo sehemu fupi kuliko zote, na ndiyo isiyohitaji fundi.